Nianze vidonge vya antibayotiki kabla ya upasuaji wa pua?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Tabata. Miaka mitatu iliyopita nilianguka na bodaboda, na tangu hapo tundu la kushoto la pua halipitishi hewa vizuri. Usiku nakoroma mpaka mke wangu anahamia sebuleni. Nimepangiwa upasuaji wa kunyoosha ukuta wa kati wa pua Alhamisi ya wiki ijayo. Daktari wangu amesema sitahitaji vidonge vyovyote vya antibayotiki nyumbani, nitachomwa sindano moja tu nikiwa tiyeta, basi. Lakini shemeji yangu alifanyiwa upasuaji wa pua mwaka jana, na yeye alipewa vidonge vya siku saba. Halafu kijana wa famasi hapa mtaani amenishauri nianze amoksi siku tatu kabla, ili 'kusafisha pua', kwa kuwa pua ni mahali pachafu. Nimeshanunua. Je, nianze? Naogopa nisije nikapata usaha, maana pua iko karibu na ubongo. Au daktari wangu amepitiwa?"*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa miaka mitatu ya kuhema kwa tundu moja. Usianze hizo amoksi. Daktari wako hajapitiwa. Alichokupangia ndicho ambacho mimi mwenyewe ningekupangia, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu naona hofu yako ina mantiki: pua kweli ina vijidudu, ubongo kweli uko jirani, na mtu anayekwenda kukatwa angependa aende na kinga mkononi. Shida ni kwamba kinga ya upasuaji haifanyi kazi kwa namna ambayo wengi tunaidhania.

Tuanze na hilo la "kusafisha pua". Kijana wa famasi hakukosea aliposema pua ina vijidudu. Kila mtu anao, na karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba puani bakteria anayeitwa stafilokokasi bila kuumwa chochote. Ila pua si sufuria ya kusugua ikatakata. Ukimeza amoksi siku tatu, utaua wale bakteria dhaifu, wale ambao dawa hiyo inawaweza. Wanaobaki ni wale isiowaweza, na sasa wana nafasi ya kujitanua kwa sababu majirani zao wamekufa. Kwa hiyo siku ya Alhamisi utampelekea daktari wako pua yenye bakteria walewale kwa idadi, au pungufu kidogo, lakini wagumu zaidi. Stafilokokasi wengi wameshajifunza kuivunja amoksi muda mrefu uliopita, hivyo dawa uliyonunua haimgusi hata huyo unayemhofia zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo naamini hukuambiwa. Bila shaka umeelekezwa usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku. Maana yake kidonge chako cha mwisho utakimeza Jumatano usiku. Amoksi haikai mwilini. Kwa mtu mwenye figo nzima, kila baada ya saa moja hivi nusu ya iliyomo kwenye damu inakuwa imetoka, nyingi kwa njia ya mkojo. Ukiingia tiyeta saa tatu asubuhi, damu yako itakuwa karibu haina kitu. Siku tatu za vidonge, halafu dakika ile kisu kinapogusa utando wa pua, hakuna mlinzi getini.

Na dakika hiyo ndiyo yote. Daktari anapokata, mishipa midogo ya damu inafunguka, damu inatoka, kisha inaganda. Ndani ya yale mabonge madogo ya damu iliyoganda ndimo bakteria wa puani wanapopata pa kujificha. Bonge likishaganda, damu mpya haipiti ndani yake, na dawa inayosafiri na damu haiingii tena kirahisi. Kama dawa ilikuwa tayari ndani ya damu wakati bonge linaganda, inaganda nayo humohumo pamoja na hao bakteria. Ikifika baadaye, inakuta mlango umefungwa.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1961 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, John Burke, aliwachoma simbilisi wa maabara bakteria chini ya ngozi, wengine akawapa dawa kabla, wengine wakati uleule, wengine baadaye. Waliopata dawa kabla au papo hapo, kidonda kilikuwa kidogo. Waliopata saa tatu baada ya bakteria kuingia walikuwa sawa na ambao hawakupewa kabisa. Mwaka 1992 watafiti wa hospitali moja mjini Salt Lake City walichapisha hesabu za wagonjwa 2,847 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Waliopewa antibayotiki ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa, asilimia 0.6 tu walipata maambukizi ya kidonda. Waliopewa mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, asilimia 3.8. Waliocheleweshewa hadi zaidi ya saa tatu baada ya kukatwa, asilimia 3.3. Tazama vizuri hiyo ya kati: kuwahi kupita kiasi kulikuwa karibu sawa na kuchelewa.

Ndiyo maana tiyeta kuna utaratibu ambao huenda hutausikia kwa sababu utakuwa unaandaliwa kulala. Kabla ya kukata, kila mtu anasimama kidogo. Linatajwa jina lako, upasuaji wako, upande wenye shida, na linaulizwa swali: antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Muuguzi au mtaalamu wa usingizi anasoma saa iliyoandikwa kwenye karatasi. Swali hilo liko kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na napenda kuwakumbusha Watanzania kwamba orodha hiyo ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza katika miji minane duniani, mmoja ulikuwa Ifakara. Sambamba na London, Toronto na Seattle, wagonjwa wa Ifakara walisaidia kuthibitisha jambo ambalo sasa linafanyika kote. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na moja ya mambo yaliyobadilika ni watu kupewa antibayotiki kwa wakati wake.

Kwa hiyo "sindano moja tu" si upungufu. Sindano hiyo, mara nyingi dawa iitwayo sefazolini, inaingia moja kwa moja kwenye mshipa, inafika puani ndani ya dakika chache, na inabaki kwa kiwango cha kutosha kwa saa kadhaa, muda mrefu kuliko upasuaji wako utakavyochukua. Upasuaji ukivuka saa nne hivi, inarudiwa. Wako hautafika huko.

Nitakwenda hatua moja mbele, maana nataka uwe na picha kamili. Kwa upasuaji wa kunyoosha ukuta wa pua, wapo madaktari wazuri wasiotoa hata hiyo sindano moja, na wana hoja. Pua ni kati ya sehemu za mwili zinazopona vizuri sana. Ina damu nyingi, na damu ndiyo inayoleta askari wa mwili. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vikisukuma kamasi na uchafu kuelekea kooni, na sisi tunameza bila kujua. Mwaka 1992 hukohuko Marekani walichapishwa wagonjwa zaidi ya 1,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina hii bila antibayotiki ya kinga. Waliopata maambukizi hawakufika hata mmoja kati ya mia. Mtu akiniuliza kama sindano ile moja ni lazima, nitamjibu kwamba kwa mtu mwenye afya faida yake ni ndogo, na madhara yake pia ni madogo. Mimi huitoa. Mwenzangu asipoitoa simlaumu. Tunapokubaliana wengi ni kwenye siku zinazofuata: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linapinga kuendeleza antibayotiki ya kinga baada ya upasuaji kuisha, na chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kimeandika kwamba kwa upasuaji wa kawaida wa ukuta wa pua, dawa za kuvuka saa 24 hazihitajiki.

Sasa shemeji yako. Siwezi kumsemea daktari wake, na wewe usimwambie shemeji kwamba alidanganywa. "Upasuaji wa pua" ni jina moja la mambo mengi. Kama alikuwa na usaha kwenye mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, au nyama za pua zilizoziba na kuoza ndani, zile siku saba zilikuwa matibabu ya ugonjwa uliokuwepo tayari. Hiyo si kinga. Kama aliwekewa kipande cha gegedu, ule mfupa laini, kutoka sikioni au ubavuni ili kujenga upya pua, kipande hicho hakina damu yake chenyewe kwa siku za mwanzo, na baadhi ya madaktari hukilinda kwa siku chache. Kama pamba zinazowekwa puani kuzuia damu zilikaa zaidi ya siku mbili, wengi hutoa vidonge mpaka zitolewe. Ushahidi wa hilo la pamba ni hafifu, lakini naelewa wanaofanya hivyo. Siku hizi wengi tunashona tabaka za ukuta zishikane kwa nyuzi zinazoyeyuka ili tusiweke pamba kabisa, au tunaweka na kuitoa kesho yake. Muulize daktari wako atafanya lipi. Na nitasema hili kwa moyo mzito: wapo wanaopewa siku saba kwa mazoea tu, kwa sababu mgonjwa anayetoka hospitali bila mfuko wa dawa anajiona hajatibiwa.

Utasema, basi hata kama hazisaidii, zinadhuru nini? Zinaweza kukuharisha wiki ambayo unahitaji kula na kupumzika. Zinaweza kukuletea upele, na daktari wa usingizi akiona upele asubuhi ya upasuaji anaweza kuahirisha kila kitu, nawe umeshaomba ruhusa kazini na umeshalipa nauli ya ndugu kutoka mkoani. Mara chache zinaleta mzio mkali wa kufunga koo. Halafu kuna usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule Wizara inaouita UVIDA. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria waliokuwa sugu, na ukilinganisha na idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara ndiko kulikoumia zaidi. Mgonjwa akija kwangu na jipu la kweli, nikimwandikia dawa ya bei nafuu na isifanye kazi, sababu yake imeanza kwenye vidonge vya "kusafisha" vilivyouzwa bila cheti. Naiona hali hii kliniki, na inaniuma.

Wapo ambao jibu langu kwao lingekuwa tofauti, na hapa nakuomba ujichunguze. Kama umewahi kuwekewa valvu ya moyo, au uliwahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, au ulizaliwa na tatizo la moyo, daktari wako lazima ajue kabla ya Alhamisi. Wapo vijana wengi Dar waliopasuliwa moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete wanaokuja kwetu kwa shida ya pua na wanasahau kusema, wakidhani moyo na pua havihusiani. Anayechomwa penadua, ile sindano ya penisilini, kila mwezi naye aseme, kwa kuwa hiyo inabadilisha uchaguzi wa dawa. Aseme pia mwenye kisukari kisichotulia, anayemeza dawa za kushusha kinga au steroidi kwa muda mrefu, na anayeishi na VVU ambaye kinga yake iko chini. Na kama umewahi kuambiwa una mzio wa penisilini, eleza kilichotokea hasa: ulivimba midomo, ulishindwa kupumua, au tumbo lilisokota tu? Wengi wenye lebo hiyo, zaidi ya tisa kati ya kumi wanapopimwa, hukutwa hawana mzio wowote.

Hofu yako ya kutaka kufanya kitu ni nzuri, ila iweke mahali inapolipa. Ukipata homa, kamasi nzito la njano au jipu ndani ya tundu la pua kabla ya Alhamisi, piga simu. Kuahirisha wiki mbili si aibu. Usinyofoe nywele za puani, kila moja inaacha kitundu kinachokaribisha bakteria. Sigara acha leo, na ugoro pia kama unatumia, maana vyote viwili vinalaza vile vinyweleo vinavyofagia na kubana mishipa inayoleta damu ya kuponya. Aspirini, na dawa nyingine za maumivu jamii ya diklofenaki, uliza lini uziache.

Baada ya upasuaji, kinga yako kubwa ni maji ya chumvi. Vinyweleo vinakuwa vimezimia kwa muda, damu iliyokauka na kamasi vinaganda, na wewe unafanya kazi ya kufagia kwa niaba yake. Daktari atakwambia siku ya kuanza. Ukinunua maji ya chumvi yaliyotayarishwa famasi, vizuri zaidi. Ukitengeneza nyumbani, chemsha maji yatokote kabisa walau dakika moja, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha kwenye robo lita weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisichojaa. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa, na usitumie maji ya kisima kwa hoja kwamba "tayari yana chumvi". Nimeshaisikia hoja hiyo kutoka kwa mtu mwenye akili timamu kabisa, na nikamwelewa, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi kweli. Lakini yana mengine pia.

Usipenge kamasi wiki ya kwanza. Chafya ikija, ipige kinywa wazi. Usijifukize: tangu miaka ya korona kujifukiza kumekuwa dawa ya kila kitu, lakini mvuke wa moto unafungua mishipa iliyotoka kuziba, na nimewapokea watu wanaovuja damu blanketi likiwa bado begani. Na kama wewe ni Mwislamu, kupandisha maji puani wakati wa udhu kwa madhehebu ya Shafi ni sunna. Muulize sheikh wako, naamini atakuruhusu kuacha mpaka upone.

Sasa jambo ambalo ningependa ulikumbuke kuliko vidonge vyote. Ukuta wa kati wa pua una gegedu, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Linakula kupitia utando mwembamba unaolifunika pande zote mbili. Damu ikivujia kati ya utando na gegedu, utando unabanduka na gegedu linakosa chakula. Ndani ya siku mbili tatu linaanza kufa, ile damu iliyotuama inageuka usaha, na mgongo wa pua unaweza kuzama daima. Hakuna antibayotiki inayozuia hilo wala kuliponya peke yake. Dawa yake ni daktari kufungua na kuitoa damu hiyo, upesi. Dalili yake ni pua kuziba pande zote mbili zaidi na zaidi badala ya kufunguka, pamoja na maumivu yanayopanda siku ya pili au ya tatu. Kuziba kwa kawaida baada ya upasuaji kupo, lakini hakuongezeki hivyo.

Ukiona hayo, usisubiri tarehe ya kliniki na usipite famasi. Rudi hospitali ulikofanyiwa, na kama ni usiku na ni mbali, kutoka Tabata Amana iko karibu, na idara ya dharura ya Muhimbili haifungwi. Fanya hivyohivyo kwa homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, jicho kuvimba au kuona vitu viwili, maji meupe kama ya kunywa yanayodondoka ukiinama, au damu isiyokoma baada ya kubana pua dakika 15 ukiwa umeinamia mbele. Na kama bado una pamba puani ukapata homa, kutapika, kuharisha na ngozi kuwa nyekundu kama iliyoungua jua, sema neno "pamba" mlangoni kabisa. Ni nadra, ila ni sumu ya stafilokokasi, na kitu cha kwanza ni kuitoa pamba hiyo. Huo usaha wa ubongo unaouogopa ni nadra mno kwa upasuaji wako, na ukitokea, njia yake mara nyingi ni jipu lililopuuzwa siku nyingi.

Hizo amoksi ulizonunua, kama hujafungua, jaribu kuzirudisha. Usimpe jirani mwenye mafua. Kama umeshameza hata mbili, mwambie daktari wako bila kuficha, hatakugombeza, atataka tu kujua. Na Alhamisi, ukiwa umeshalazwa juu ya meza na nusu kaputi haijakuchukua, uliza kwa sauti: "Sindano yangu ya kinga imeshaingia?" Ni swali lako kabisa, na mtu mwenye karatasi mkononi atakusomea saa iliyoandikwa.